Jinsi ya kushona mkoba imara wa matabaka kwa mabaki ya vitambaa

Wanaoanza kushona mikoba ya viraka huuliza maswali yaleyale. Vitambaa gani vinaweza kukaa pamoja? Katikati niweke nini? Lazima niwe na cherehani ya umeme? Mbona mikanda inang'oka mapema hivyo? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe, kuanzia rundo la mabaki mpaka mkoba uliokamilika wenye upana wa sm 38, kimo cha sm 38 na kitako cha sm 10. Ni mkoba wa kubeba vitabu, nguo na mizigo ya sokoni, kwa hiyo tutaushona kwa nia hiyo.

Kabla ya yote, shika jambo moja. Mkoba hauchakai sawasawa kila mahali. Huanza kufa penye mikanda, kisha kwenye kitako, halafu kwenye ukingo wa mdomo. Viraka vya ubavuni, ambavyo ndivyo watu hutumia muda mwingi kuvipanga rangi, ni nadra kuwa vya kwanza kuchanika. Kwa hiyo kitambaa chako kizito kuliko vyote na subira yako kubwa kuliko zote vielekeze kwenye sehemu hizo tatu. Pengine pote unaweza kuwa huru.

Vitu vya kuandaa

Vitambaa:
- Mabaki ya pamba ya uzito wa kati, ya kutosha tepe 24 zenye upana wa sm 6 na urefu wa sm 50. Utepe unaweza kuundwa kwa vipande vifupi vilivyoungwa.
- Vipande viwili vya sm 54 kwa sm 50 vya kitambaa chepesi cha pamba, kwa mfano shuka kuukuu. Hili ni tabaka la nyuma na halitaonekana.
- Vipande viwili vya ukubwa huohuo vya tabaka la katikati: blanketi jepesi, taulo kuukuu au pamba bapa ya kutandaza iliyotengenezwa kwa kazi hii.
- Vipande viwili vya jinzi au turubai vya sm 50 kwa sm 16, kwa ajili ya kitako.
- Vipande viwili vya sm 10 kwa sm 83 kwa ajili ya mikanda.
- Vipande viwili vya sm 50 kwa sm 45 vya bitana (kitambaa cha ndani ya mkoba), na kimoja cha sm 20 kwa sm 34 cha mfuko wa ndani.
- Viraka vinne vya jinzi vya sm 6 kwa sm 8.

Zana: cherehani, mkasi mkali usiokatia karatasi, rula ndefu, futi ya fundi, chaki, pini, pasi, sindano ya mkono na kisu kidogo cha kufumulia. Sindano za cherehani ziwe za namba 90/14 kwa sehemu kubwa ya kazi, na 100/16 kwa sehemu zenye jinzi. Uzi uwe wa polyesta na uwe mpya kiasi. Uzi wa pamba uliokaa miaka kabatini hukatika ukiuvuta kwa vidole, na ukikatika mkononi utakatika pia mkoba ukijaa.

Cherehani ya miguu au ya mkono inayoshona mstari mnyoofu tu inatosha kabisa. Mishono yote hapa ni minyoofu, na kingo zote ghafi zitafichwa na bitana, hivyo huhitaji zigizaga wala overloki, yaani mishono ya kuzuia kingo zisifumuke. Kama huna cherehani kabisa, unaweza kushona kwa mkono kwa mshono wa kurudi nyuma, ambapo kwa kila tundu sindano hurudi nyuma kidogo kabla ya kusonga mbele. Ni kazi ndefu, lakini mshono huo ukikazwa vizuri hauna aibu mbele ya cherehani.

Kwa nini matabaka? Kitambaa chepesi kikibeba mzigo peke yake, nyuzi chache ndizo zinazovutwa. Ukikishona juu ya tabaka mbili nyingine kwa mistari iliyokaribiana, mvuto unagawanywa kwa vyote vitatu. Ndiyo maana kipande ambacho peke yake kisingefaa hata mfuko wa shati kinaweza kufaa hapa.

Hatua kwa hatua

1. Chambua mabaki kwa uzito kwanza, rangi baadaye.

Tandaza kila kitu na ukigawe katika mafungu matatu: vyepesi kama vya shati, vya kati kama kitenge au shuka nzito, na vizito kama jinzi na turubai. Ubavu wa mkoba unataka fungu la kati. Vyepesi viende kwenye tabaka la nyuma, vizito kwenye kitako na mikanda. Ukiweka utepe wa jinzi kando ya utepe wa kitambaa cha shati, ule mzito utauvuta ule mwepesi na sehemu ya kuchanika itakuwa pembeni mwa mshono.

Kisha jaribu uzima wa kila kipande. Kishike kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana na ukivute kwa nguvu. Ukisikia nyuzi zikilia na kukatika, kiache, hata kama maua yake yanakupendeza sana. Vitambaa vya nguo zilizovaliwa miaka mingi huwa vimeoza mahali pasipoonekana, hasa kwenye makwapa, magoti na makalio. Kata kutoka mgongoni mwa shati au sehemu ya chini ya suruali.

Vitambaa vinavyonyumbuka kama vya fulana visitumike kwa mkoba wa kwanza. Vinateleza chini ya mguu wa cherehani na kutanuka vikibeba mzigo. Kama una kimoja ambacho lazima kiingie, kibandike kwanza stifu ya gundi (kitambaa cha kukazia kinachonata kwa pasi) kwa nyuma ili kisinyumbuke tena.

2. Fua, kausha, piga pasi.

Usiruke hatua hii. Pamba nyingi hurudi zinapofuliwa mara ya kwanza. Ukishona kipande kipya kisichofuliwa pamoja na cha zamani, mkoba mzima utakunjamana siku utakapoufua. Vitambaa vyekundu na vya buluu iliyokolea vifuliwe peke yake, kisha uvisugue vikiwa na unyevu kwa kitambaa cheupe. Vikiacha rangi, rudia kuvifua. Vikiendelea kuacha rangi, vitoe kwenye kazi.

Blanketi la sintetiki likiguswa na pasi ya moto sana huyeyuka. Jaribu pasi kwenye kona yake kabla hujalikata.

3. Kata tepe.

Kata tepe za upana wa sm 6 zikifuata uelekeo wa nyuzi za kitambaa, si mshazari. Utepe uliokatwa mshazari hutanuka ukishikwa tu. Kama vipande vyako ni vifupi, viunge mwisho kwa mwisho mpaka ufike sm 50, na mshono wa kuunga uwe wa sm 0.75. Piga pasi kila kiungo.

Sm 6 si amri. Tepe zinaweza kutofautiana kati ya sm 4 na 8, na mkoba huwa na uhai zaidi zikitofautiana. Ila zisiwe nyembamba chini ya sm 4, kwa sababu mishono mingi iliyobanana hufanya pande, yaani upande mmoja mzima wa mkoba, kuwa gumu na zito bila faida.

4. Tandaza msingi.

Weka tabaka la nyuma mezani, juu yake tabaka la katikati. Lainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda kingoni, kisha piga bandi kwa mkono kwa mishono mirefu, mistari ikiachana kama sm 10. Wengi huruka bandi na kutegemea pini nne za pembeni. Matokeo yake ni mikunjo upande wa nyuma ambayo huioni mpaka umeshamaliza, na kuifumua ni kilio. Bandi ni kazi ya muda mfupi tu, na nyuzi zake utazitoa baadaye.

Chora kwa chaki mstari mmoja mnyoofu katikati ya msingi, kutoka juu hadi chini. Upande wa sm 54 ndio upana, na upande wa sm 50 ndio kimo.

5. Shona tepe moja kwa moja juu ya msingi.

Hapa ndipo mkoba unapozaliwa. Huungi viraka kwanza kisha ukashona matabaka baadaye. Unafanya yote kwa mara moja.

Weka utepe wa kwanza katikati, upande mzuri ukitazama juu, ukiwa sambamba na mstari wa chaki. Utepe wa pili ulaze juu yake, upande mzuri ukitazama chini, kingo za kulia zikilingana. Bana kwa pini. Shona kwenye ukingo huo kwa nafasi ya sm 0.75, ukipita tabaka zote, hatua ya cherehani, yaani urefu wa tundu moja la mshono, ikiwa mm 2.5 hadi 3. Toa pini kabla sindano haijazifikia. Sindano ikigonga pini huvunjika, na kipande chake kinaweza kukurukia usoni.

Sasa geuza utepe wa pili ukae sawa, ukandamize kwa vidole, kisha kwa pasi. Endelea hivyo kuelekea kulia mpaka msingi ufunikwe, halafu rudi katikati na uende kushoto. Kuanzia katikati kunazuia pande zima kwenda mshazari. Baada ya kila tepe tatu weka rula na uangalie kama bado ziko wima. Zikianza kulala, rekebisha kidogokidogo katika tepe mbili zinazofuata. Ukijaribu kunyoosha yote kwa utepe mmoja, kosa litaonekana zaidi.

Tepe ziende wima, kutoka mdomoni mwa mkoba kwenda kitakoni. Mzigo huvuta kwenda chini. Tepe zikiwa wima, mvuto unafuata urefu wa kitambaa. Zikilazwa, mvuto unakuwa unajaribu kuupanua kila mshono. Tepe zenye viungo zipange ili viungo visikae mstari mmoja, na zile zitakazokuwa chini ya mikanda, karibu sm 7 hadi 10 kutoka katikati kila upande, ziwe nzima katika sm 10 za juu.

Fanya hivyo kwa mapande yote mawili.

6. Piga mistari ya kukazia.

Mishono ya kuungia tepe tayari imeshika tabaka, lakini haitoshi. Ongeza mstari mmoja katikati ya kila utepe, hatua ikiwa mm 3 hadi 3.5. Mistari ikiachana sm 2 hadi 3, pande litasimama lenyewe likishikwa. Ukizidisha sana litakuwa kama ubao, na kulipindua mwishoni itakuwa vita.

Shona mstari mmoja kutoka juu kwenda chini na unaofuata kutoka chini kwenda juu. Mguu wa cherehani husukuma tabaka la juu mbele, na ukishona mistari yote kwa uelekeo mmoja pande litapinda kama limesokotwa. Kama cherehani yako ina mahali pa kulegeza mkandamizo wa mguu, ulegeze kidogo. Acha meno ya chini yavute kitambaa yenyewe. Mikono yako kazi yake ni kuongoza, si kuvuta.

Fumua bandi.

7. Kata mapande yawe sawa.

Baada ya mistari yote, pande litakuwa limerudi kidogo, na hiyo ndiyo sababu ya kuanza na msingi mkubwa. Kata kila pande liwe sm 50 kwa upana na sm 45 kwa kimo. Tumia rula na hakikisha kona ni za mraba. Laza pande moja juu ya jingine na ulinganishe. Tofauti ya mm 3 hapa itakusumbua mdomoni baadaye, kwa hiyo irekebishe sasa.

Shona mstari mmoja kuzunguka kila pande, mm 5 kutoka ukingoni, ili tabaka zisifunguke unapozishika.

8. Vika kitako jinzi.

Pima sm 14 kutoka chini ya pande na uchore mstari. Laza jinzi juu ya pande, upande mzuri ukitazama chini, sehemu kubwa ikielekea juu, na ukingo wake wa chini ukizidi mstari kwa sm 1. Weka sindano ya 100/16 na ushone juu ya mstari. Igeuze jinzi ishuke chini, ipige pasi, kisha shona tena juu yake mm 3 kutoka kwenye mkunjo. Jinzi itakayozidi chini ikate, halafu bana kingo zake tatu kwa mshono wa mm 5.

Kipande hiki kitazunguka kitako na kupanda ubavuni, na ndicho kitakachosuguana na sakafu. Angalia kwamba mstari uko kwenye kimo kilekile katika mapande yote mawili, maana utakutana pembeni.

9. Tengeneza mikanda.

Kunja kila mwisho mfupi sm 1.5 kwa ndani. Kisha kunja mkanda katikati kwa urefu, upige pasi, ufungue, ulete kila ukingo kwenye mstari wa katikati, na ukunje tena. Utapata mkanda wa upana wa sm 2.5 na urefu wa sm 80, usio na ukingo ghafi popote. Kama kitambaa chako si jinzi, ingiza ndani utepe wa jinzi au wa tabaka la katikati wenye upana wa sm 2.3 kabla ya mkunjo wa mwisho. Utepe huo uishie sm 2 kabla ya ncha, ili ncha zisiwe nene kupita uwezo wa sindano.

Shona mistari minne kwa urefu: mmoja mm 2 kutoka kila ukingo, na miwili katikati. Mistari hii ndiyo inayozuia mkanda kujisokota na kuwa kamba inayokata bega.

Urefu huu unavaliwa begani. Ukitaka mkoba wa kushika mkononi tu, kata sm 60 badala ya 83. Mkanda wa kuunga vipande unaruhusiwa, ila kiungo kiwe cha mshazari ili unene usikusanyike mahali pamoja, na kisikae katikati panapogusa bega wala kwenye ncha.

10. Shona mikanda kwenye mapande, kwa umakini kuliko hatua nyingine zote.

Watu wengi huingiza ncha za mikanda kati ya mkoba na bitana na kupita mshono mmoja. Kwa mkoba mwepesi inakubalika. Kwa mkoba wa mizigo, uzito wote utaning'inia kwenye mstari mmoja wa uzi, na ukikatika tundu moja mengine hufuata.

Fanya hivi. Tafuta katikati ya ukingo wa juu wa pande na uweke alama. Kutoka hapo pima sm 7 kila upande. Hapo ndipo ukingo wa ndani wa kila ncha ya mkanda utakapokaa. Ncha iwe sm 7 chini ya ukingo wa juu, upande wa nje wa pande. Kwa nyuma yake, mahali palepale, weka kiraka cha jinzi cha sm 6 kwa sm 8. Bana kwa pini au upige bandi.

Kabla ya kushona, angalia kwamba mkanda haujasokotwa. Upitishe mkononi kutoka ncha moja hadi nyingine. Ni kosa linalowapata hata waliozoea.

Shona kisanduku: anza katikati ya ukingo wa chini, si kwenye kona, zunguka mpaka sm 3 chini ya ukingo wa juu wa pande, rudi ulipoanzia, kisha piga mistari miwili ya kukatishana kutoka kona hadi kona. Rudia yote mara ya pili juu ya mshono wa kwanza. Sehemu ya mkanda iliyo juu ya sm 3 hizo iache huru, kwa kuwa utaihitaji iinuke wakati wa kushona mdomo.

Sindano ikikwama, zungusha gurudumu kwa mkono, tundu kwa tundu. Kulazimisha kwa mwendo kasi huvunja sindano na wakati mwingine huharibu mpangilio wa cherehani. Ukibonda sehemu nene kwa nyundo ndogo juu ya ubao kabla ya kushona, inalainika na sindano inapita.

11. Unganisha mapande na ufungue kitako.

Laza mapande yakitazamana kwa pande zao nzuri. Linganisha mistari ya jinzi kwanza, ibane, ndipo ubane sehemu nyingine. Shona pembeni, chini na pembeni kwa nafasi ya sm 1, ukirudi nyuma kidogo mwanzo na mwisho. Pita mara ya pili chini. Sasa punguza tabaka la katikati pekee ndani ya ile sm 1, kwa ncha ya mkasi, ili mishono isiwe minene.

Kwa kitako, shika kona moja na uivute mpaka mshono wa pembeni ulale juu ya mshono wa chini, kona ikawa pembetatu. Pima sm 5 kutoka kwenye ncha ya mshono kufuata mshono, chora mstari unaoukata kwa pembe mraba. Mstari huo unapaswa kuwa na urefu wa sm 10. Usipofika hapo, kona hujaifungua vizuri. Shona juu ya mstari mara mbili, kata ncha ukiacha sm 1. Kona ya pili vivyo hivyo. Pindua mkoba.

12. Bitana.

Kunja kipande cha mfuko wa ndani kiwe sm 20 kwa sm 17, shona kingo tatu kwa sm 1 ukiacha mwanya mdogo, pindua, piga pasi, na ukishone kwenye bitana sm 10 chini ya mdomo. Kisha shona bitana kama ulivyoshona mkoba, kwa tofauti mbili. Mdomoni anza na nafasi ya sm 1, ukishuka ipanue polepole hadi sm 1.5 na uendelee nayo mpaka chini. Na chini acha mwanya wa sm 15 bila kushona. Bitana iliyo ndogo kidogo kuliko mkoba hukaa bila kulegea ndani.

13. Kutanisha mkoba na bitana.

Mkoba uwe na upande mzuri nje, bitana iwe na upande mzuri ndani. Laza mikanda ishuke ubavuni na uibane kwa pini. Ingiza mkoba ndani ya bitana, pande nzuri zikitazamana, linganisha mishono ya pembeni, bana kuzunguka mdomo. Shona kwa sm 1. Angalia kwa kidole kwamba hakuna mkanda ulionaswa.

Vuta mkoba wote upitie kwenye mwanya wa bitana. Ni mnene, kwa hiyo anza na kona moja ya kitako na uvute taratibu. Ziba mwanya na uisukume bitana ndani.

14. Kaza mdomo.

Piga pasi ukingo wa mdomo. Inua mikanda isiwe njiani, shona mstari mm 5 kutoka ukingoni, kisha mwingine sm 1.5. Mistari hii miwili ndiyo inayofanya mdomo usimame na bitana isichungulie nje.

Mambo yakienda kombo

Uzi unakusanyika chini kama kiota. Karibu kila mara tatizo ni uzi wa juu, si wa bobini (kigurudumu cha uzi wa chini). Utoe wote, inua mguu wa cherehani, na uupitishe upya. Mguu ukiwa chini, uzi hauingii kwenye vibano vya mkazo.

Mishono inaruka. Badilisha sindano. Sindano iliyopita kwenye jinzi na taulo hufika mahali ikawa butu hata kama macho hayaoni. Ikiendelea, panda namba moja.

Mguu unakwama ukifika kwenye mshono mnene. Unakwama kwa sababu umeinama. Kunja kipande cha jinzi mpaka kifikie unene wa mshono, kiweke nyuma chini ya mguu ili ukae sawa, kisha endelea.

Mdomo wa bitana ni mpana kuliko wa mkoba. Kama tofauti ni chini ya sm 1, igawanye kwa pini kuzunguka mdomo mzima na ushone bitana ikiwa chini, meno yatameza ziada. Ikizidi hapo, ongeza mshono kidogo pembeni mwa bitana.

Mkoba unaegemea upande mmoja. Pima mikanda kutoka mdomoni. Mara nyingi mmoja umeshonwa chini kuliko mwenzake, au kona moja ya kitako imepimwa tofauti. Fumua kisanduku kimoja, usifumue mkoba.

Mkunjo umeshonwa ndani upande wa nyuma. Ukiwa mdogo na hauonekani nje, uache, bitana itaufunika na haupunguzi nguvu. Ukiwa umevuta viraka vya nje, fumua mstari huo mmoja tu, lainisha na ushone upya kuanzia katikati kwenda kingoni.

Mkanda umeanza kuachia kwenye kona ya kisanduku baada ya matumizi. Usisubiri. Ondoa nyuzi zilizokatika na ushone kisanduku upya ukipita tabaka zote hadi kwenye bitana, kwa mkono ikibidi, kwa uzi uliokunjwa mara mbili.

Ukiufua, tumia maji baridi, usiukamue kwa kuusokota, na uutundike kichwa chini ukiwa umefunguliwa mdomo ili tabaka la katikati likauke kabisa. Unyevu uliobaki kati ya matabaka huleta ukungu kabla hujaona doa lolote nje.